Kilichomo Chunguni

Mtaa wa Kongo, Kariakoo
3 Septemba 2024

Somo yangu Bi Sabaha,

Shikamoo. Najua simu ingefika Pangani kabla ya kikapu hiki ninachompa utingo wa basi, lakini uliniambia mwenyewe kuwa ukipokea simu lazima uweke sauti ya nje, na nyumba yenu ina masikio ishirini. Mambo ya mwili wangu siyataki sebuleni. Kwa hiyo naandika.

Siku ya harusi imepangwa. Upande wa Twaha walikuja kwetu Magomeni Jumapili, na wazee wamekubaliana Jumamosi tarehe 14 Desemba. Mama analia na kucheka kwa zamu. Wewe uliyeniweka ndani nilipovunja ungo ndiye utakayenisinga, hilo halina mjadala.

Lakini lipo jambo. Unaijua pumu yangu ya ngozi. Viwikoni, nyuma ya magoti, shingoni. Mwezi uliopita iliamka vibaya, nikaamua kutafuta daktari wa ngozi badala ya kununua dawa kwa kusikia. Daktari Theopista amenipangia hivi, na nimeandika kwenye daftari: kuoga haraka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu, mafuta mazito yasiyo na harufu mwili ungali na unyevu, na dawa ndogo ya kupaka, isiyo kali, jioni tu, siku saba, pale inapowasha. Aliniambia, "Zamda, hii haiponi kama malaria. Hii inatunzwa, kama unavyotunza nywele."

Nikamuuliza kuhusu singo la kusugua mwili kabla ya harusi. Akasema manukato na karafuu kwenye ngozi kama yangu ni kumwagia petroli moto. Je, somo, tunaweza kuliacha singo, au kulipunguza?

Mikebe minne aliyoagiza jirani yako Mama Mrisho nimeifunga ndani ya khanga. Mkebe hauna jina wala maandishi, muuzaji wa mezani anasema tu "mafuta ya kung'arisha." Msalimie, lakini mwambie miaka sitini na tano si umri wa kutafuta weupe.

Mwari wako,
Zamda Sadalla


Pangani
9 Septemba 2024

Mwari wangu,

Marahaba, na hongera, na nimekupigia vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Sasa nisikilize. Huyo daktari wako ameolewa? Kama ameolewa, muulize yeye alisingwa na nini. Bibi harusi asiyenukia ni wali usiotiwa nazi, unashibisha lakini nani ataomba kuongezwa? Mama yako nilimsinga. Shangazi yako Nasreen nilimsinga. Wewe ngozi yako ni ya kushikwa tu na mtu anayeijua.

Nimekutumia chungu cha singo. Usisubiri Desemba, anza sasa. Paka kila jioni panapowasha, lala nalo, asubuhi ondoa kwa maji. Usiniulize kilichomo. Somo hasemi kilichomo chunguni mpaka siku anapomrithisha mtu kazi, nami sijachoka.

Salamu zako kwa Mama Mrisho zimefika, amezicheka. Anaiomba tena mikebe mwisho wa mwezi, usisahau.

Ni mimi somo yako,
Sabaha binti Abdulkadiri


Kariakoo
24 Septemba 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Nina la kukiri, kisha nina la kukushangilia.

La kukiri: sikukuamini. Chungu kilipofika tarehe 12, nilifanya kama tulivyofundishwa maabara kidato cha tatu. Mkono wa kushoto nikaupa dawa ya hospitali, wa kulia nikaupa singo lako, kila jioni saa moja, na kila asubuhi nikaandika. Nanakili kutoka kwenye daftari:

"Tarehe 13. Mikono yote miwili inawasha sawa. Tarehe 15. Kushoto mwasho umepungua kidogo, bado kuna magamba. Kulia hakuna mwasho kabisa. Tarehe 18. Kushoto nafuu. Kulia pamekuwa laini kama pa mtoto. Tarehe 20. Kulia hapaonekani kitu. Jaribio limekwisha."

Somo, mkono wa kulia umeshinda. Dawa ya daktari nimeifungia kabatini na sasa napaka singo kila mahali, na shingoni pia. Tajiri wangu dada Jovitha, yule Mchaga mwenye duka la vitenge, alinishika mkono mbele ya wateja. "We Zamda, hii ngozi umeiazima wapi? Hicho chungu tukiingize dukani, vitenge tuwaachie majirani."

Mikebe sikupata safari hii. Yule muuzaji ameondolewa pale pembeni na hakuna ajuaye alikohamia. Mama Mrisho avumilie.

Zamda


Pangani
30 Septemba 2024

Mwari wangu,

Nimefurahi. Sikukwambia?

Lakini uso usipake. Shingo pia uache. Paka kidogo, na pakiisha kuwasha pumzika. Usiniulize kwa nini, fanya tu.

Chungu hiki ni kidogo, ndicho nilichojaliwa. Mtafute yule muuzaji, Mama Mrisho ananisumbua. Hata sita ukipata lete.

Samahani kwa mwandiko, kalamu siku hizi inaniteleza.

Sabaha


Kariakoo
22 Oktoba 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, na naandika nimesimama kwa sababu nyuma ya magoti pamevimba.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshaanza kupaka uso, na kwa kuwa uso ulikuwa unang'aa, sikukusikiliza. Chungu kidogo kiliisha tarehe 15. Tarehe 18 uso ulianza kuwaka. Si kuwasha kama zamani. Kuwaka, kama nimeegemea jiko. Leo ni mwekundu mpaka shingoni, unatoa majimaji pembeni mwa pua, na hata pale ambapo sikuwahi kuugua pameumuka.

Jana mama yake Twaha alipita dukani kuchagua vitenge vya sare. Aliniangalia, akarudisha mkono aliokuwa ananyoosha tusalimiane. Akauliza kama inaambukiza. Nikasema hapana. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, "Basi mwanangu, tusogeze harusi mpaka upone."

Mpaka nipone, somo! Na mimi nimeshaambiwa kuwa hii haiponi, inatunzwa. Nikikubali kusubiri kupona, nitasubiri mpaka Twaha aote mvi.

Muuzaji nimempata, amehamia Buguruni. Mikebe sita hiyo hapo. Nakuomba chungu, upesi.

Zamda


Pangani
26 Oktoba 2024

Mwari wangu,

Chungu hicho, kimejaa. Paka leo hii, usoni pia kwa siku chache, utatulia. Mama mkwe atakuja kukuomba radhi.

Sina maneno mengi leo.

Sabaha


Kariakoo
2 Novemba 2024

Bi Sabaha,

Shikamoo.

Chungu kimefika na sijakifungua. Kiko juu ya kabati. Jioni ya kwanza nilikaa nikikitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi. Najua nikipaka nitalala usingizi. Sijapaka, na nitakueleza sababu kwa mpangilio.

Siku ya Jumanne, Mrisho, mwanawe Mama Mrisho, alikuja dukani kuchukua vitenge vya jumla. Nikamwambia, "Mama hajambo? Mwambie mikebe imeshaenda." Akasema, "Mikebe gani?" Nikamwambia ya kung'arisha. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama yangu na mkorogo? Mama yangu hata mafuta ya nazi anayaonea uchoyo! Halafu mama Pangani hayupo, dada. Nimemhamishia kwangu Muheza mwaka juzi."

Nikarudi kwenye daftari. Tarehe 3 Septemba nilituma mikebe minne, kikaja chungu cha kutosha. Mwisho wa Septemba sikutuma, kikaja chungu kidogo. Tarehe 22 Oktoba nimetuma sita, kimekuja chungu kilichojaa. Jaribio langu lilikuwa zuri, kosa ni kwamba mkono wa kulia nilikuwa sijui naupaka nini.

Nilimwonyesha dada Jovitha daftari hilo. Hakucheka. Akasema, "Mdogo wangu, hapa Kariakoo nimepokea mizigo miaka kumi na tisa. Mzigo ukija bila jina, ujue kuna mtu hataki uujue."

Nilimpelekea Daktari Theopista kile chungu kidogo kilichoisha, na mkebe mmoja niliokwenda kuununua Buguruni. Alisema kwa macho hawezi kuapa kilichomo, lakini ngozi yangu inaeleza: nilizoea dawa kali sana, kisha ikakatika ghafla. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Dawa kali hiyo huenda ni ndugu wa ile ndogo aliyonipa yeye. Tofauti ni nguvu, kipimo, mahali na siku. Ile yake nilijua ni ipi, napaka wapi na naacha lini. Ile ya mkebe sikujua hata kimoja. Hakunigombeza. Amenipangia kushuka polepole kwa ile dawa yake ndogo, na ameniambia wazi kwamba wekundu huu unaweza kukaa wiki nyingi, pengine kupita harusi.

Nakuuliza kama mwari wako, na natafuta jibu kama mtu mzima. Ndani ya chungu kuna nini?

Zamda Sadalla


Kariakoo
12 Novemba 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Hujajibu. Kikapu kimerudi mara mbili kitupu, na utingo wa basi anasema alikukuta mlangoni umesimama, ukamwambia huna mzigo.

Naandika si kukudai jibu. Naandika ujue nimeamua nini.

Leo ni siku ya kumi ya mpango wa daktari. Usiku wa tatu na wa nne nilijikuna mpaka mama akanivalisha soksi mikononi. Siku ya saba majimaji yalikoma. Leo uso bado mwekundu, lakini hauwaki. Napaka mafuta mazito mara nne kwa siku, dada Jovitha ameniwekea kopo chini ya kaunta, na kila adhana ikisikika ananiambia, "Haya Mwislamu, swali, kisha upake." Yeye Mlutheri ndiye anayenikumbusha.

Jumatano nilimwomba mama yake Twaha anisindikize kliniki. Alisitasita, akaja. Niliona heri asikie mwenyewe kuliko kusikia uchochoroni. Aliuliza maswali yote ambayo nilikuwa naogopa. Inaambukiza? Hapana. Itapona? Itatulia, itaamka, itatulizwa tena. Na watoto? Daktari hakumficha: inaweza kufuata damu, kama pumu ya kifua, hizo mbili ni jamaa moja.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kidude cha kuvuta dawa ya pumu, akakiweka mezani mbele ya daktari. "Hiki nimetembea nacho tangu usichana," akasema. "Na nilikuwa nacho mkobani siku ile niliporudisha mkono."

Harusi ni tarehe 14 Desemba, kama ilivyopangwa. Nitaingia na ngozi niliyonayo.

Kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni wewe.

Zamda


Pangani
19 Novemba 2024

Zamda mwanangu,

Barua hii nimeiandika siku tatu. Utaona damu pembeni, usishtuke, ni kidole.

Ndani ya chungu kuna liwa na dalia za kunukia, karafuu, mawaridi na unga wa mchele, kama alivyonifundisha aliyenirithisha. Na kuna mkebe. Mkebe niliuongeza mimi.

Miaka sita iliyopita nilimsinga msichana wa hapa hapa. Siku ya pili akavimba kama wewe, akaolewa amefunikwa ushungi mpaka puani. Shangazi zake walisema mkono wangu umeharibika. Neno hilo kwa somo ni kama kumwambia imamu hajui kusoma. Miezi minane hakuna aliyeniita. Ndipo mwanamke mmoja akanionyesha mkebe, akasema changanya kidogo tu, ngozi haitakataa. Nikachanganya, na haikukataa. Watu wakarudi. Kila bibi harusi akitoka kama yai lililomenywa, nami nikajidanganya kuwa ni mkono wangu.

Nilijua una ngozi ngumu, nikakutia mwingi kuliko wote. Kwa kukupenda, ndivyo nilivyojiambia. Mama Mrisho nilimtaja kwa sababu alikwisha ondoka na asingeweza kunikana.

Nilipokuandikia usipake uso, nilikuwa najitazama mikono. Hakuna aliyeiona, maana haikosi hina. Ngozi imekuwa nyepesi kama karatasi ya kusokotea tumbaku. Nikigusa pembe ya meza inachanika. Mishipa yote naihesabu. Chungu nakichanganya kwa mikono hii, miaka mitano sasa.

Umekuwa mwanamke wa kuheshimika, umeniuliza mbele, hukunisema nyuma. Mtafute somo mwingine. Bi Sauda wa Magomeni ana mkono safi. Mimi nimeacha.

Sabaha


Kariakoo
27 Novemba 2024

Somo yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza chooni, mahali pekee pasipo na watu katika nyumba yetu. Nilikasirika. Niandike hivyo, nisikudanganye na wewe. Uso huu ni wangu na ulichezewa. Nilikasirika siku mbili nzima, na zipo kwenye daftari.

Siku ya tatu nilisoma tena pale pa mikono.

Bi Sauda simtaki. Aliyeniweka ndani ni wewe, na mambo uliyonifundisha siku zile hayakutoka mkebeni. Kwa hiyo fanya hivi:

Usipake tena kilichomo kwenye mikebe. Usichanganye chochote kwa mikono mitupu. Nunua mafuta mazito yasiyo na harufu, upake kila unaponawa. Panda basi Alhamisi tarehe 5 Desemba. Ijumaa asubuhi tunakwenda kwa Daktari Theopista mimi na wewe, nimeshaandikisha jina lako. Ukiona haya mlangoni, kumbuka mama mkwe alivyoweka kidude chake mezani.

Singo nalitaka. Unga wa mchele laini na mafuta ya nazi, basi. Mchanganyiko huo nimeujaribu ndani ya mkono siku tano (kushoto, na safari hii nilisaga mwenyewe) na ngozi haikukataa. Udi utafukizwa chumbani na kwenye nguo, si mwilini mwangu. Nitanukia, usihofu, wali utakuwa na nazi.

Na utanisinga wewe, na glavu.

Mwari wako,
Zamda


Pangani
3 Januari 2025

Bibi harusi wangu,

Nimefika salama, na nimekaa siku nyingi kabla ya kuandika kwa sababu nilikuwa na safari za miguu.

Bado nacheka nikikumbuka. Somo mzima na glavu za daktari, Jovitha amekaa mlangoni anasema, "Bibi, unamsinga au unampasua?" Na wewe ulitoka na wekundu wako shingoni, na lile baka kwenye kiwiko, hukulifunika. Nimewatoa wanawali thelathini na wanne. Sijamtoa mwingine aliyetembea vile.

Sasa nikueleze safari. Nilikaa nikayataja majina ya wote waliopakwa chungu cha mkebe. Ni tisa, nimewafikia saba walioko Pangani. Nimebisha hodi kwa kila mmoja nikasema mwenyewe. Wawili walinifukuza. Mmoja alilia, kumbe naye amekuwa akinunua mikebe tangu harusi yake na uso wake hauwezi tena bila huo. Jumatatu nampeleka hospitali ya Tanga, nimemwambia asiukate ghafla kabla daktari hajamwona. Wawili waliobaki wako visiwani, nimewaandikia.

Daftari ulilonipa nalijaza. Sina mwandiko wako wa shule lakini soma:

"Siku ya ishirini na nane. Kidole cha shahada hakijapasuka. Gumba limepasuka, nilisahau glavu nikiosha sufuria. Mafuta mara tano. Hina sijapaka."

Ndiyo, sijapaka. Mikono iko wazi, kila anayenisalimia anaiona, anayeuliza namwambia.

Jana walikuja watu wa msichana mmoja, harusi ni Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Mama yake alipoingia alikiona chungu kipya juu ya meza, nacho nimekibandika karatasi mbele: unga wa mchele, mafuta ya nazi, tarehe niliyosaga, jina langu. Alisoma, akanitazama. "Bi Sabaha, mbona umeiandika siri yote hadharani? Utabaki na nini?"

Nikamwambia mlete binti, kwanza anyooshe mkono tujaribu siku tano.

Msalimie mumeo. Kikapu kinarudi kitupu, usitie kitu humo isipokuwa barua.

Somo yako,
Sabaha binti Abdulkadiri